Kipimo Kilisema Hana

Kasyoki alikuwa mwalimu Kitui. Baba yake, mzee Mulei, aliishi peke yake Kilungu, na kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Tangu korona ianze, Kasyoki hakumtembelea bila kupimwa kwanza.

Agosti hiyo alikuwa na mafua kidogo. Akaenda kliniki. Muuguzi, Mutindi, akamwingizia kijiti puani, wakangoja. Mstari mmoja tu.

"Huna," Mutindi alisema.

Kesho yake akarudi, akapimwa tena. Hana. Ndipo akasafiri.

Alimpikia baba yake, akamfulia blanketi, akamnyoa ndevu wakiwa wameketi uso kwa uso pale uani. Mzee alikuwa akicheka, akimwambia asimkate.

Siku chache baadaye mzee alianza kutetemeka. Kufikia Jumapili hakuweza kumaliza sentensi bila kuhema. Kasyoki na kaka yake Kyule wakamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni. Majibu ya maabara yakatoka: korona.

"Si ulipimwa?" mzee alimuuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka tu kuelewa.

"Nilipimwa, Baba. Mara mbili."

Kasyoki alimtafuta mtu wa maabara, Nzioka, akamweleza yote.

"Kipimo cha haraka kinatafuta protini moja ya kirusi," Nzioka alisema. "Kirusi kikiendelea kuzaana, jeni zake hubadilika. Ikibadilika ile inayotengeneza hiyo protini, kipimo kinaweza kupita bila kuiona. Mashine yetu inatafuta jeni mbili. Kwa sampuli ya mzee, moja haikuonekana kabisa. Ni ile nyingine iliyotupa jibu."

"Kwa hivyo ni mimi nilimletea?"

"Mwalimu, siwezi kusema hivyo. Pengine hata ulipimwa mapema sana. Hatutajua."

Kasyoki alitamani amwambie ndiyo. Au la. Lolote kati ya hayo angelibeba.

Kwa siku zilizofuata alisimama nje ya dirisha la wodi, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia. Mzee aliinua mkono mara moja. Alhamisi hakuinua. Jioni Kyule alitoka kuongea na daktari, akamjia dada yake akitikisa kichwa, na Kasyoki akaketi chini pale pale kwenye changarawe.

Baada ya mazishi alimpigia Mutindi simu, akamweleza aliyoambiwa maabara.

Mutindi alimsikiliza hadi mwisho. "Pole sana, mwalimu. Sisi pia tumeanza kushuku. Tunaona watu wagonjwa kabisa na kipimo kinasema hawana."

"Sasa mnafanya nini?"

"Tumeripoti. Lakini vipimo hivi ndivyo tulivyoletewa, hatuna vingine. Ninawaambia wavae barakoa, wakae mbali na wazee. Wakishaona mstari mmoja, hawanisikii."

Kasyoki alisikia mlango ukifunguliwa upande ule mwingine, kisha Mutindi akimkaribisha mtu aketi, ainue kichwa apimwe.