Pikipiki Isiyochemka Nyumbani

Kwa mwezi mzima pikipiki ile ilikuwa na tabia ya mtoto mtundu mbele ya wageni: ikifika nyumbani, adabu tupu. Huko njiani, kwa maneno ya mwenyewe, ilikuwa ikichemka mpaka inatema maji.

Mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo, mtu mrefu na mpole, anayeongea na ng'ombe kwa sauti ileile anayoongea na mkewe. Mkewe ndiye aliyekuwa fundi. Mtaa mzima ulimwita Bibi Spana, na gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yao: mabati mawili juu, benchi la mbao lililokunywa oili miaka mingi, na ukuta wa misumari alikotundika spana zake kwa ukubwa. Pikipiki ilikuwa kuukuu, ya aina inayopozwa kwa maji kama gari, rejeta mbele na feni nyuma ya rejeta. Bibi Spana alikuwa ameifungua mara nyingi kuliko kabati lake la nguo.

"Imechemka tena," mumewe alisema jioni hiyo, akivua kofia ngumu. Alitarajiwa saa kumi, na sasa ilikuwa saa kumi na moja na robo.

"Wapi?"

"Palepale, kwenye mlima wa machimbo ya mawe. Nimekaa saa nzima nikisubiri ipoe."

Bibi Spana akaisimamisha kwenye stendi kubwa, akaiwasha, akavuta kigoda. Mshale wa joto ukapanda mpaka katikati, feni ikaitika, mshale ukashuka. Akangoja nusu saa, hola. Akaizungusha mtaani mara tano, mpaka jirani akamuuliza amepoteza nini. Mshale haukutikisika.

Basi akaanza kuwahoji washukiwa mmoja mmoja. Alitoa thamostati, kile kilango kinachopitisha maji yakishapata moto, akaitumbukiza kwa uzi kwenye sufuria ya chai. Maji yalipochemka ikafunguka kama kawaida. Akabadilisha kifuniko cha rejeta. Akamwaga maji ya zamani, akajaza mapya, akatoa hewa yote. Pampu ya maji ilikuwa nzima. Akachungulia kwenye rejeta injini ikiwaka, akitafuta mapovu, maana mapovu ndiyo dalili ya gasketi ya injini iliyoungua, na hakuona hata la dawa. Feni hakuigusa. Hiyo alikuwa ameifunga kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwa akiiona inazunguka.

Kila alipomwachia huru mshukiwa mmoja, mume alichelewa tena. Kichwa kikaanza kumzunguka. Katika ufundi wake wote alikuwa hajawahi kukutana na ugonjwa unaomwona yeye ukakimbia. Fundi aliyemfunza kazi alipenda kusema kwamba ukishaweka pembeni vyote vilivyo vizima, kilichobaki mkononi ndicho kibovu. Bibi Spana akaangalia kilichobaki mkononi. Alikuwa amebaki dereva.

Wifi yake, mshonaji wa mlango wa pili, hakumsaidia.

"Wifi, huyo ni kaka yangu, tumbo moja, siwezi kumsema vibaya," alisema akitunga uzi kwenye sindano. "Ila mwanamume akichelewa, chombo ndicho hubeba lawama."

"Kaka yako si mtu wa hivyo."

"Kwani nimesema kitu? Mimi nashona tu."

Hakusema, lakini alikuwa ameshasema. Tangu siku ile Bibi Spana akawa ananusa mashati ya mumewe kabla ya kuyafua. Yalinuka ng'ombe, dawa na jasho, basi, naye akabaki ameshika shati asijue kama ameshinda au ameshindwa. Miaka kumi na sita walikuwa wameishi bila kuchunguzana. Alimpenda mtu yule, na alimwonea wivu, na hakujua tena amwamini mume au aamini mshale.

"Kesho nakwenda nawe," akamwambia.

Mume alikaa kimya kidogo. "Mgongo utakuuma, mama watoto. Lakini sawa, twende."

Bibi Spana akaupima ule ukimya, akauona mrefu kuliko haja.

Asubuhi wakaondoka kwenda kwa mwenye ng'ombe mgonjwa, mume mbele, fundi nyuma, macho yake yakipita juu ya bega la mume kuufuata mshale. Kwenye lami ulitulia. Walipouanza mlima wa machimbo, kwa gia ya pili, kwa mwendo wa polepole wa kukwepa mawe, feni ikaanza kunguruma na mshale ukaanza kupanda. Ukavuka katikati. Ukakaribia wekundu. Bibi Spana aliduwaa. Alishapanga maneno ya kumwambia mumewe usipopanda, si ya kumwambia ukipanda.

"Simama. Usizime."

Akachuchumaa, akapitisha kiganja nyuma ya feni, mahali ambapo upepo wa moto hutokea. Hakuna kitu. Akarudia, maana huenda kiganja kilikosea. Hakuna. Feni inazunguka, upepo uko wapi? Alipoinama mbele ya rejeta, ncha ya kitambaa chake cha kichwa ikapeperushwa, na hewa ya moto ikampiga usoni.

Feni ilikuwa inapuliza kuelekea mbele.

Akakaa chini kwenye vumbi. Feni ile aliifunga mwezi mmoja uliopita, ikitoka kwenye pikipiki nyingine iliyokufa, na yeye ndiye aliyeunga waya, mweusi kwa mweusi, bila kupima, kwa kuamini rangi. Ilizunguka kinyumenyume. Gerejini, penye hewa tuli, kupuliza mbele au nyuma ni mamoja, joto linatoka. Mtaani na kwenye lami haikuwa na haja ya kuwaka. Hapa mlimani upepo ulikuwa unaingia na feni inausukuma urudi, wanakabana mlangoni, hapiti mtu.

Pembeni pake palikuwa na jiwe bapa, na chini ya jiwe lundo la maganda ya karanga, mengine meupe kwa jua, mengine ya juzi. Hakuuliza ni ya nani. Mtu mmoja tu ndiye aliyekaa pale mwezi mzima, akimenya karanga na kungoja.

Akatoa koleo, akakata nyaya zile mbili, akazigeuza, akazifunga kwa utepe. Mume alisimama akimtazama.

"Siku zote hizi ulidhani ni nini?" aliuliza hatimaye.

Majibu yalikuwa tele: thamostati, pampu, gasketi. Lolote lingepita.

"Nilidhani ni wewe," Bibi Spana akasema.

"Najua. Nilikuona na mashati."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Shahidi wangu ni mmoja tu, huyu hapa, na kila nikimfikisha kwako ananikana."

Aibu ilimpanda fundi mpaka masikioni. "Nisamehe, baba watoto."

Mume alifunga kwanza kamba ya kofia. "Nitakusamehe. Ila si leo. Endesha wewe."

Mume akapanda nyuma, akashika chuma cha kiti, si kiuno cha mkewe, na mshale ukakaa katikati mpaka kwa mwenye ng'ombe.