Kiti cha Mwaloni cha Meurig Pugh

Kwa miaka thelathini na moja Meurig Pugh aliendesha lori la maziwa katika mabonde ya Wales, na hakuwahi kutengeneza hata rafu. Alipostaafu akanunua randa, patasi na msumeno, gereji ikawa karakana. Kisha, kwa kiherehere chake mwenyewe, akaiambia kamati ya tamasha la mashairi la kijiji kwamba kiti cha mwaka huu atakitengeneza yeye. Kiti hicho hupewa mshairi aliyeshinda, na huwa cha mwaloni.

Mwaloni ulimtoa jasho. Patasi ziliisha makali kabla ya chai ya saa nne. Ulimi wa mguu mmoja wa nyuma, ile ncha inayochomekwa kwenye kiti, aliukata mwembamba mno, ukawa unacheza ndani ya tundu lake kama jino bovu, na ubao mwingine hakuwa nao. Akashindilia vibanzi na gundi, akapiga msasa, akapaka mafuta. Kwa macho tu usingejua kitu.

Idwal, jirani yake, seremala wa siku nyingi, akaja akaugonga mguu ule kwa kidole.

"Umeshakikalia?"

"Nikikalie kama nani? Mimi nimeandika shairi gani?"

"We bwana! Mshairi akipiga mweleka mbele ya kijiji kizima, utahamia wapi?"

Ni kweli, desturi hairuhusu mtu kukikalia kabla ya mshindi. Lakini Meurig alijificha tu nyuma ya desturi. Alikuwa anaogopa.

"Mwache Idwal na maneno yake," alisema Eluned, mkewe, akimpa kikombe cha chai. "Kitakaliwa siku yake ikifika."

Siku ikafika, Jumamosi mchana, ukumbi ukajaa. Washairi hutuma kazi kwa majina ya kujibandika. Mshindi huitwa kwa jina hilo, na akisimama katikati ya watu ndipo anapojulikana. Meurig alikodolea macho mguu ule wa nyuma.

"Tumepokea mashairi saba," alisema jaji. "Aliyejiita Mwiba amekaribia, ila hajafika. Mwaka huu hakuna anayestahili kiti."

Ukumbi ukaguna. Mpiga tarumbeta, aliyekuwa akingoja kumpigia mshindi, akairudisha tarumbeta mkobani.

Meurig alifurahi, tena sana. Akaubana mkono wa mkewe. "Tumepona, mama! Leo ningeumbuka."

Eluned akauchomoa mkono wake.

Walirudi na kiti nyuma ya gari. Walipokwisha kukishusha gerejini, Eluned akasema, "Mwiba ni mimi."

Miezi minane alikuwa akiandika jikoni huku mumewe akiranda mbao upande wa pili wa ukuta. Meurig alijiona mjinga, tena mkatili. Akakifuta kiti kwa mkono wa shati.

"Kaa, Eluned."

"Usinifanyie hivyo. Umemsikia jaji."

"Basi nisomee."

"Hujawahi kusikiliza shairi hata moja, Meurig."

"Nisomee."

Akatoa karatasi mfukoni mwa koti, akaanza kusoma. Yeye alisimama upande huu wa kiti, mumewe upande ule. Alipomaliza, Meurig hakujua kama ni zuri au baya. Alijua tu kwamba ndani ya shairi lile mlikuwa na mwanamke ambaye yeye, mumewe, hakuwahi kumuuliza kitu.

"Soma tena," akasema.