Ubao wa Mzee Laurean

Mzee Laurean alikuwa mbishi tangu enzi zake Bukoba, na ubishi huo alipanda nao ndege mpaka Germantown, Marekani. Kidonda cha sukari kilikuwa kimemla mguu wa kulia hadi karibu na goti. Daktari alisema wazi: mguu ukatwe Jumatatu, la sivyo sumu itapanda na kumuua. Mzee akajibu, "Nimezaliwa na miwili, nitazikwa na miwili." Dada yake, Anna, alipopigiwa simu alilia tu: "Sikio la kufa halisikii dawa."

Basi Jumamosi binti yake, Benadetha, akashuka chumba cha chini kwenye ubao wake, maana kubaki juu wakibishana kungemtia wazimu. Alikuwa akichapa picha kwa mbao, kwa mtindo wa mchoraji mmoja wa Norwei wa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Wengine walichonga ubao mmoja kwa kila rangi. Yule bwana akachonga mmoja tu, akaukata vipande kwa msumeno, kila kipande akakipaka rangi yake, kisha akavirudisha pamoja na kuchapa mara moja.

Kwenye ubao wa Benadetha alikuwepo baba yake, ameketi kitini. Ukuta wa bluu, shati jekundu, suruali nyeusi, na mguu wenye bendeji, wa njano. Rangi yake peke yake, kwa hiyo kipande chake peke yake.

Msumeno ndio kwanza umemaliza kupita gotini, akasikia gongo kwenye ngazi.

"Ebo! Huyo si mimi?" Mzee aliuliza huku akihema. "Umeanza kunikata kabla yao?"

"Siyo hivyo, Baba. Ni kwa ajili ya rangi tu. Ona, vinarudi."

Akavipaka vipande, akavibananisha, akalaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Alipoibandua, baba yake alikuwa mzima, ila mstari mweupe mwembamba ulipita gotini, pale palipokatwa.

"Umeona? Mguu umerudi."

"Wa ubao umerudi. Wangu utarudi?"

Benadetha akajiona mjinga, na hasira zikampanda, zile hasira za mtu mwenye hofu. "Hautarudi! Na wewe ukienda hurudi! Nimechoka kuja kukuamkia kila asubuhi nikiogopa nitakukuta maiti!"

Hakuwahi kumpandishia baba yake sauti. Mzee akainama, akakibandua kile kipande cha njano kwa kucha na kukitia mfukoni.

"Chapa hivyo."

"Baba, jamani..."

"Si nimesema? Chapa!"

Benadetha akapaka rangi upya, akasugua polepole karatasi isije ikatumbukia kwenye pengo. Akaibandua, akampa bila kuthubutu kuitazama. Mzee akaisogeza kwenye taa. Chini ya goti palikuwa patupu. Akaangalia mabega, mikono, akafika usoni na kukaa hapo.

"Marehemu mama yako angemtambua huyu?"

"Angemtambua, Baba. Hata kwa mbali."

"Basi Jumatatu unipeleke." Machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta. "Lakini naogopa, mwanangu. Naogopa sana."