Bwana Atomu wa Usoke

Damas, mrina asali wa Usoke, alikuta miti mitatu iliyobeba mizinga yake imekatwa kuwa kuni za kukaushia tumbaku ya kijiji. Alirudi nyumbani amenywea. Binti yake Apolinaria, mwalimu wa sayansi mjini Tabora, alikuwa likizoni.

“Baba, dawa ni umeme wa atomu,” alimwambia. “Hauhitaji kuni wala hautoi moshi. Moshi wa dunia ukizidi, hata mvua zitavurugika.”

“Atomu si ile ya bomu?”

“Ndiyo hiyo, ila imetiwa lijamu. Mabaki yake ni sumu, yataka uangalizi. Lakini msitu unabaki.”

Damas aliyatafakari hayo siku mbili. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama, akapendekeza serikali ipelekewe ombi la umeme wa atomu. Watu walicheka mpaka machozi. Mwenyekiti Hilari hakucheka.

“Huo utachelewa, mzee. Tukiusubiri tufanye nini?”

“Tupande miti ya kuni,” Damas alijibu, “na yenye mizinga isiguswe.”

Mikono ikanyooshwa. Jumamosi walichimba mashimo mia mbili, huku wakimwita Bwana Atomu, naye akiitika kwa furaha.