Chungu cha Mkwe

Mume wangu Emuron alirudi kutoka soko la Amukura siku ya Jumanne, akatangaza kwamba Jumamosi watu watakuja kwetu kusikiliza mpira. Kenya na Uganda, huko Kampala, na redio ya betri upande wetu wa Malaba, kuanzia reli mpaka mtoni, ilikuwa moja tu, yake. Nikamuuliza ni watu wangapi. Nikamuuliza mpira wenyewe unachukua muda gani. Swali la tatu nililimeza, kwa maana binti yetu Anyait alikuwa amekaa pale pale mlangoni akichambua majani ya kunde.

Swali lenyewe lilikuwa hili: je, Ojiambo naye amealikwa?

Ojiambo ni mume wa Anyait, Msamia wa Sio Port anayeuza samaki wakavu mjini Busia. Wiki sita kabla ya siku hiyo, Anyait alikuwa amerudi kwetu na kikapu kimoja na mwavuli. Hakusema ameachwa, hakusema ameacha. Mimi ni mtu wa kuuliza, marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa mdomo ukitangulia, lakini mtoto huyu alinishinda. Nilimuuliza kisimani, nikamuuliza shambani, nikamuuliza hata akiwa na usingizi. Ilipofika wiki ya nne, tukitwanga karanga, ndipo akanijibu bila kunitazama.

"Dada zake walikuja. Wakasema miaka minne nakula chakula ya ndugu yao na sijazaa hata paka. Wakasema nyinyi mlijua, mkawapea mti mkavu."

"Na yeye alisema nini?"

"Ojiambo? Hakusema kitu, Toto. Alikuwa anatengeneza baiskeli. Akaendelea tu kutengeneza baiskeli."

Toto kwetu Wateso ni mama. Nilikasirika mpaka mchi ukanitoka mkononi. Si kwa ajili ya wale dada. Midomo ya mawifi tunaijua, na mimi mwenyewe ni wifi wa watu. Kilichoniuma ni ile baiskeli. Mtu anatukaniwa mkewe mbele yake, na yeye anatafuta tundu kwenye mpira wa gurudumu!

Tena hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Mwanamke akirudi kwao, mumewe ndiye humfuata. Wazazi hawamwiti, kwa maana ukimwita ni kama umechoka kumlisha mtoto wako. Na mimi mama mkwe ndiyo kabisa: siruhusiwi kukaa naye nyumba moja, wala kula mbele yake, wala kumtazama usoni. Tukikutana njiani, mmoja wetu huingia kwenye mahindi. Kwa hiyo wiki sita zilipita, yeye Busia anauza samaki, mtoto wangu huku anakonda, na sisi wote tunatunza heshima.

Emuron akavua viatu polepole. Halafu, macho yake yakiwa juu kwenye paa, akasema, "Hata wale wauza samaki wa Busia nimewaambia waje. Redio haichagui mtu."

Mikono ya Anyait ikasimama kwenye kunde. Nami nikajua kwamba miaka yangu ishirini na sita na mzee huyu haikwenda bure.

Basi nikaanza kupanga. Sikuwahi kuona mpira wa miguu hata siku moja, na sikutaka kupikia kitu nisichokijua.

"Baba Anyait, hawa watu wanakimbia mpaka saa ngapi?"

"Dakika arobaini na tano, wanapumzika, halafu arobaini na tano ingine."

"Wakipumzika wanakula nini?"

"Nasikia wanapewa machungwa."

"Mtu mzima akimbie hivyo halafu umpe chungwa?"

"Mama Anyait, sisi tutakaa chini. Hatukimbii."

Lakini nilitaka kujua zaidi. Mtu akisikiliza mpira, macho yake yanakuwa wapi? Mikono je? Anapiga kelele ghafla, au anajua kabla? Emuron akanieleza kwamba bao likikaribia, mtangazaji huanza kusema haraka haraka, na watu wote huacha kupumua. Nilipolala nikalifikiria jambo hilo. Asubuhi nikafuta samaki kwenye hesabu yangu, ingawa Ojiambo ni mtu wa ziwani. Mtu anayeacha kupumua halafu akapiga kelele, huku mdomoni ana mwiba wa samaki, huyo atanifia uani. Kuku pia nikamwacha, ana vifupa. Nikaamua: muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, karanga za kukaanga, na nyama ya ng'ombe niikatekate vipande vya kutosha kidole na gumba, ili mtu ale bila kuitazama sahani.

Vinywaji ndivyo vilivyoniumiza kichwa. Pombe yetu ajon, ya wimbi, huwekwa kwenye chungu kikubwa katikati, na wanaume huizunguka na mirija yao mirefu. Shemeji yangu Opolot, mdogo wa Emuron, anakaa ng'ambo ya mto, Uganda. Akatuma mtu aniambie kwamba yeye hawezi kuishangilia Uganda huku anavuta chungu kimoja na watu wa Kenya, nimpikie cha kwake. Nikamjibu kwamba nusu ya wimbi hilo ilitoka shambani kwake, kwa hiyo akivuta upande wa kushoto anakunywa Uganda tupu. Akaridhika, au akashindwa na jibu, sijui.

Lakini mkwe hawezi kutia mrija kwenye chungu cha baba mkwe wake. Hiyo haina mjadala kwetu, na kwa Wasamia ni vivyo hivyo. Mkwe akija, hutengewa chungu chake kidogo, kando, na mrija wake mmoja. Na ajon haitengenezwi mgeni akishafika. Unga nilikuwa nao, umeshachacha shimoni na kukaangwa na kuanikwa, lakini kutia maji na kimea ilikuwa lazima Jumatano, ili Jumamosi iwe imeiva. Kwa hiyo Jumatano nilitakiwa kujua kama Ojiambo atakuja, na nani angenijulisha?

Nikikitenga chungu kidogo na asije, watu thelathini watakaa wanakiangalia mchana kutwa. Watasema nyumba ya Emuron inamwombea mume binti yao. Anyait angekufa kwa aibu. Nisipokitenga na akaja, atakaa kama mpita njia, na mtu aliyekaribishwa kama mpita njia hupita. Niliinama juu ya ule unga nikaogopa kweli kweli, kama siku niliyokuwa najifungua mtoto mwenyewe.

Nikatia maji. Vyungu viwili.

"Hicho kidogo ni cha nani?" Anyait akaniuliza.

"Cha wanawake."

Akakitazama, akanitazama, akaenda zake kuteka maji.

Jumamosi watu walikuja mapema, na Opolot akaja mapema zaidi. Emuron akaweka redio juu ya stuli barazani na kuipanguza mara tatu. Chungu kikubwa kikakaa katikati ya ua. Kile kidogo nikakiweka mimi mwenyewe kando ya ghala la nafaka, na mrija mmoja ndani yake, halafu nikakimbilia jikoni nikafunga mlango. Jikoni kwangu ukutani kuna ufa, hapo udongo ulipobanduka, na sikuwa nimeukandika makusudi.

Ojiambo alikuja. Nilimwona kupitia kwenye ufa, yeye na wauza samaki wawili, akiwa na kofia mpya na shati lililopigwa pasi vibaya. Akaamkia wazee, akaona chungu kidogo, nami nikaona kwamba amekiona. Kisha akaenda kukaa nyuma kabisa, juu ya gogo karibu na ua wa michongoma, akawa anang'oa nyasi.

"Amekuja?" Anyait akaniuliza nyuma yangu.

"Amekuja."

"Amekaa wapi?"

Nikamwambia achochee moto, nikarudi kwenye ufa. Nilimtazama Emuron kwa nguvu zangu zote, nikitaka aseme neno moja tu, mkwe, chungu chako kile pale. Lakini Emuron alikuwa amebandika sikio kwenye redio, na namjua. Alikuwa amefungua mlango. Kumvuta mtu kwa mkono asingekubali.

Mpira ukaanza. Nakiri kwamba kwa muda nilimsahau Ojiambo, kwa sababu ilikuwa kweli! Mtangazaji alianza kusema haraka, na wanaume wote wakaacha kupumua, mirija midomoni, mashavu yamebonyea. Halafu mpira ukatoka nje na wote wakapumua pamoja. Nikajiuliza mtu aliye Kampala anawezaje kuzuia pumzi ya watu wa Malaba. Nyama ilikuwa inakwenda vizuri. Hakuna aliyetazama sahani.

Kabla ya mapumziko akaingia mtu mmoja anayeitwa Kiprono. Huyu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Kericho, aliyelala siku tatu pale barabarani akingoja springi ya gari lake. Emuron alikuwa amemkuta njiani akamwambia aje. Akaingia uani na vumbi lake, akaona chungu kikubwa kimezungukwa mabega kwa mabega, hakuna nafasi. Akageuka. Akaona chungu kidogo, safi, mrija mmoja, hakuna mtu. Uso wake ukafunguka. Akaenda, akachutama, akavuta, tena akavuta kwa kiu ya siku tatu.

Vichwa vyote uani vikamgeukia, redio ikabaki inapiga kelele peke yake. Halafu Opolot akaangua kicheko.

"Dereva! Karibu kwa ukoo! Umeleta ng'ombe ngapi?"

"Ng'ombe gani, mzee? Mimi nabeba chumvi."

Watu wakacheka mpaka chungu kikubwa kikatikisika. Kiprono akatazama huku na huku, mrija bado mkononi. "Si mmeniwekea mimi? Nimeona mrija moja, nikajua ni ya mgeni."

"Hapo ni pa mkwe," Opolot akamwambia. "Hapo anakaa bwana ya Anyait. Ukikunywa hiyo, umeoa."

"Sasa huyo bwana ako wapi?" Kiprono akauliza, na naapa alikuwa anauliza tu, hakuwa na ubaya wowote. "Kama hayuko, si mimi nikae?"

Wale wauza samaki wawili wakatazama viatu vyao. Nilikuwa nimeuma kona ya leso yangu mpaka meno yakauma. Kule kwenye gogo Ojiambo aliendelea kung'oa nyasi, unyasi mmoja, unyasi wa pili, nami nikamchukia, nikasema moyoni, haya basi, ng'oa, maliza boma lote, halafu urudi kwa dada zako.

"Hicho chungu ni changu."

Alisema akiwa amekaa, kichwa chini, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kiprono akasema, "Unasemaje, boss?"

"Nasema ni changu. Mimi ndio bwana ya Anyait. Na mtu akiwa na neno juu ya bibi yangu, hata akiwa dada yangu, aniletee mimi hiyo neno. Asimpelekee yeye."

Hapo redio ikalipuka. Bao! Mtangazaji alilia kama amefiwa au amepata mtoto, sijui, na hakuna mtu hata mmoja uani aliyesikia ni la nani. Opolot anasema lilikuwa la Uganda. Emuron anasema lilikuwa la Kenya. Wanabishana mpaka leo.

Kiprono alisimama upesi, akaufuta mrija kwa shati lake, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Pole, boss. Lakini iko tamu."

Ojiambo akaja kukaa kwenye chungu chake. Aliushika ule mrija, lakini hakuvuta. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni, nami ikabidi nijitoe kwenye ufa, kwa maana adabu ni adabu.

"Sogea, Toto," Anyait akasema.

Alikuwa ameipua sufuria ya maji moto. Ajon hunywewa kwa kuongezewa maji moto kila mara, na anayekuongezea ni mtu wa nyumba yako; mke akikataa kukumiminia, chungu chako kitapoa na wewe utakwenda. Akatoka na sufuria, akapita katikati ya wanaume wote, akafika kwenye ghala la nafaka. Nikarudi kwenye ufa wangu. Mungu atanisamehe.

Anyait hakumimina. Alisimama juu yake, mvuke ukimpanda usoni.

"Sema tena," akamwambia. "Redio ilikuwa inapiga kelele, sikusikia vizuri."

Emuron, mzee ambaye hajawahi kupunguza sauti ya redio ile hata kwa radi, akanyoosha mkono akaizima. Dakika bado zilikuwepo, wachezaji walikuwa bado wanakimbia huko Kampala, na hakuna aliyelalamika, hata Opolot.

Ojiambo akasimama. Akavua kofia. Akasema tena yote, tangu mwanzo, na safari hii majina ya dada zake akayataja, mmoja mmoja, mbele ya watu.

Ndipo Anyait akamimina maji.