Ubavu Usio na Kiungo

Gari lile lilikuwa limeoza miguu, lakini kiwiliwili chake kilikuwa kizima. Hivyo ndivyo Mzee Tanuri alivyomjibu kila aliyesimama kwenye lango la ua wake na kuuliza kwa nini sanduku kuukuu namna ile, lenye rangi ya maziwa yaliyoganda, halijauzwa chuma chakavu. Mtu hazikwi, alisema, kwa sababu ya kuumwa miguu.

Jina la Tanuri alipewa na watu, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi aliyamaliza mbele ya tanuri la mikate. Gari nalo waliliita Jogoo, maana kabla jua halijachomoza lilikuwa limekwisha kupita mitaani na kuwaamsha watu kwa harufu ya mkate wa moto. Lilinunuliwa likiwa na injini na chumba cha dereva tu. Nyuma hapakuwa na kitu ila vyuma vitupu. Sanduku la kubebea mikate alilitengeneza kaka yake mkubwa, fundi wa kufua mabati, ambaye sasa ni marehemu. Alilifua kwa nyundo ya mbao, na kila ubavu ulikuwa bati moja, tangu nyuma ya mlango wa dereva hadi kwenye taa ya mkiani, bila kiungo na bila ribiti, likipinda juu taratibu mpaka kukutana na paa kama shavu linavyokutana na sikio. Kazi nyingine zote za mikono ile, ndoo, makarai na mifereji ya mvua, zilikwisha kutoboka na kutupwa. Lilibaki sanduku hilo peke yake.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Kutu haikuanzia mahali panapoonekana. Ilianzia ndani ya chesisi, yaani ile mifupa miwili mirefu ya chuma inayobeba injini, magurudumu na bodi lote. Siku moja Mzee Tanuri alipotaka kubadili gurudumu, jeki ilipenya kwenye chuma kama kidole kinavyopenya mkate uliolowa. Akaishusha polepole, akaifuta grisi, akairudisha mahali pake, wala hakumwambia mtu. Mkewe alijua siku ile ile, kwa kuwa mzee alikula chakula chote bila kulalamikia chumvi.

Aliyeleta tiba ni mjukuu wake, binti wa mwanawe wa kwanza, aliyesomea ufundi wa magari na kufungua gereji yake mwenyewe barabara ya nyuma. Mzee Tanuri alimpenda kupita kiasi na kwa sababu hiyo hakumsifu hata mara moja machoni pake. Aliamini kwamba sifa ni kama sukari kwenye hamira: kidogo huiamsha, nyingi huiua. Binti alikuja na habari ya pikapu moja iliyoangukiwa na ukuta. Kichwa chake kilikuwa kimelala kama chapati, lakini chesisi ilikuwa imenyooka, haina doa la kutu. Bodi la Jogoo, alisema, linaweza kunyanyuliwa lote na kuwekwa juu ya mifupa ile.

Mzee akauliza, kwa sauti ya mtu anayesimamia mtihani, kama kitu chenye miguu ya mwingine kitakuwa bado ni Jogoo.

"Wewe meno yako ni ya kununua," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Mbona hatujakubadilisha jina?"

Binti akainamisha kichwa ili babu asimwone akicheka. Bibi yake humwita mke mwenzangu, na wawili hao wakishakuwa upande mmoja, mzee hana kura. Akakubali, ila kwa masharti mawili. La kwanza, bodi lisikatwe hata upana wa ukucha. La pili, kabla ya kunyanyuliwa lifungwe ndani barabara, lisipinde wala kulegea, likae vilevile kama lilivyo.

"Nimesikia, babu."

"Kusikia si kushika," alisema mzee.

Binti akashika. Alikata vyuma vyembamba akavikaza ndani ya sanduku, kutoka pembe hadi pembe, mpaka likawa gumu kama jiwe. Bolti zilizoganda kwa miaka alizilowesha mafuta, akaziacha, akarudi, akazilowesha tena, na hakuna hata moja iliyokatikia mkononi mwake. Kisha winchi ikavuta, majirani wakashika kamba, na Jogoo akaning'inia hewani huku miguu yake mibovu ikibaki chini. Mzee Tanuri aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni pa gereji alisimama, akavua kofia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Gereji ya jirani ilikuwa ya fundi mmoja ambaye watu walimwita Grenda, na yeye alilipenda jina hilo. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kusaidia, lakini kila tatizo aliliendea na mashine ya kukatia mkononi. Walipovuta futi kamba na kupima, ikaonekana chesisi ya pikapu ni fupi kwa shubiri moja. Gurudumu la nyuma lingekaa mbele ya tundu lake. Grenda akafurahi waziwazi. Aliomba apewe bodi alikate katikati, atoe hiyo shubiri, aunge na kupaka rangi.

"Nakuambia, mama, hata aliyelitengeneza akirudi hatajua."

"Bodi halijakosea, mjomba," binti alimjibu. "Kifupi ni chesisi. Basi irefushwe chesisi."

Mzee Tanuri aliyasikia maneno hayo, akatazama pembeni, na moyoni mwake akayarudia kama mtu anayeonja kitu kitamu bila kutaka aonekane anatafuna.

Kazi ya kurefusha aliitazama tangu mwanzo mpaka mwisho, naye alikuwa mtu asiyestahimili kazi ya ovyo. Alimwona mjukuu wake akikata chuma kwa mshazari badala ya kukikata wima, ili kiungo kiwe kirefu na kisikae mahali pamoja panapobeba uzito. Alimwona akitia ndani kipande kingine cha unene uleule, kinachoshika pande zote mbili. Alipochomelea, alichomelea kidogo upande wa kulia, akahamia kushoto, akarudi, ili moto usikivute chuma upande mmoja. Alipomaliza, Grenda aliinua ndoo ya maji ili apooze kazi, na binti akamshika mkono. Chuma kiliachwa kipoe chenyewe. Mzee aliyekwisha kuwafukuza wasaidizi wengi kwa kukata mkate ukiwa wa moto, alijikuta akitikisa kichwa kwa kukubali, na ikambidi ajifanye anafukuza nzi.

Siku ya kulishusha bodi, mkewe alikuja na mwavuli na majirani wakasimama mpaka nje ya lango. Sanduku lilitua juu ya mifupa yake mipya, magurudumu yakakaa katikati ya matundu yake kama macho usoni. Bolti zikaingia, zikakazwa. Watu wakapiga makofi. Kisha binti akaenda nyuma kufunga ile milango miwili ya kutolea mikate, nayo ikakataa.

Haikukataa kidogo. Juu mlango mmoja ulipanda juu ya mwenzake. Chini palibaki mwanya wa kupitisha ngumi. Akaisukuma kwa bega, ikarudi. Akalegeza bawaba, akazipandisha, akazishusha. Pengo likahama tu kutoka chini kwenda kando. Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu ile ya watu waliokwisha kuona aibu ya mwenzao. Wateja wawili waliokuja kutazama ufundi wake wakakumbuka kwamba wana shughuli.

Siku zilizofuata alijaribu kila alichokijua. Grenda alikuja, akapima kwa jicho, akasema bila kejeli safari hii kwamba lililobaki ni kukata pembe za milango na kuziba kwa kipande. Hakuna mtu ambaye asingefanya hivyo.

Mzee Tanuri alimtazama mjukuu wake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuchomelea, na vidole vyake vilikuwa na plasta. Akafikiri: marehemu hana tena kinachomuuma, na huyu anacho. Neno lilimtoka kwa shida, kwa kuwa katika maisha yake hakuwahi kutengua sharti alilolitoa.

"Kata," alisema. "Mimi ndiye niliyekataza, na mimi ndiye ninayeruhusu. Kata, mwanangu, tumalize."

Binti akaiweka chini spana. Akamtazama babu yake, si Grenda.

"Sikati, babu. Wewe umeniachia, lakini mimi sijajiachia."

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hiyo mzee aliwahi kuwakaririsha wajukuu wake wote, wengine kwa kiboko. Hakujua kama kuna aliyeichukua akaenda nayo.

Binti akatafuta uzi. Aliufunga pembe ya juu kulia ya sanduku, akauvuta mpaka pembe ya chini kushoto, akatia fundo. Akaupeleka uzi uleule kwenye pembe mbili nyingine. Fundo halikufika. Akarudia mara ya pili, kisha akachuchumaa akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyejikamata mwenyewe.

Akawaeleza. Chesisi ya zamani ilipokuwa ikioza, ilikuwa ikiinama kidogo kidogo, na sanduku lililoikalia likainama pamoja nayo. Milango iliufuata upinde ule kwa kulegea bawaba, ikawa bado inafungika. Kisha wao, kwa heshima na kwa uangalifu, wakalifunga sanduku ndani kwa vyuma likiwa limeinama vilevile. Wakaubeba upinde ule hewani kama yai, wakautua juu ya chesisi iliyonyooka, wakaukaza kwa bolti, nazo bolti zikauzidisha hata milango ikashindwa kuufuata. Fundi asiyejali asingelifunga, na bodi lingejinyoosha lenyewe njiani.

"Mkate hufuata kopo lake," alisema Mzee Tanuri polepole. "Kopo likibonyea, mkate hutoka umebonyea." Akasimama, akaondoa kofia, akaivaa tena. "Na aliyeamuru lifungwe ni mimi."

"Tuliamuru wote, babu. Mimi ndiye niliyekaza nati."

Grenda akauliza kama sanduku la umri ule litakubali kunyooka. Samaki hukunjwa angali mbichi. Binti akajibu kwamba halikunjwi, linakunjuliwa, na kukunjuliwa ndiko linakokutamani. Akatoa vyuma vyote vya ndani. Akalegeza bolti zote bila kuzitoa, akaweka jeki ndogo chini ya pembe iliyozama, akainyanyua kwa kiasi ambacho jicho halikukiona. Akaliacha lipate jua. Kesho yake akainyanyua tena. Katikati ya bodi na chesisi alipachika vipande vya mpira mgumu, na waliovichonga kwa kisu, kimoja baada ya kingine, ni Grenda na mzee wakiwa wameketi kwenye benchi moja. Grenda alikiri kwamba hajashika kisu tangu anunue mashine ya umeme.

Asubuhi waliyasikia mabati yakilialia chini ya jua, sauti ndogo kama maungo ya mtu anayejinyoosha kitandani. Mchana mwanya ulikuwa wa kidole. Baadaye ulikuwa wa karatasi. Hatimaye fundo la uzi lilifika pande zote mbili, binti akazikaza bolti, akarudi nyuma, akamwambia babu yake ajaribu mwenyewe.

Mzee Tanuri aliusukuma mlango kwa kidole. Ukaenda, ukakutana na mwenzake, kitasa kikasema neno moja tu. Akaufungua akaufunga tena. Kisha akaweka kiganja nyuma ya mlango wa dereva na kutembea nacho hadi kwenye taa ya mkiani, akizunguka, akirudi upande wa pili, akitafuta kovu ambalo halikuwapo. Bati lilikuwa moja, kama lilivyotoka mikononi mwa kaka yake. Alipofika mwisho alikuwa amewapa watu wote mgongo.

"Kazi hii," alisema bila kugeuka, "kaka yangu angeitia sahihi."

Mkewe akamkonyeza mke mwenzake. Binti alijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

Wakatoka wawili, binti kwenye usukani, mzee pembeni yake, mgongo wima, kofia magotini. Mbele ya shule kulikuwa na tuta kubwa lililowashinda madereva wengi. Jogoo akalipanda, akalishuka. Mzee Tanuri alikuwa ametega sikio kwa nyuma, kwenye milango ile miwili, na milango haikusema kitu.

Walikwenda mpaka mwisho wa barabara.

"Geuza," mzee akamwambia. "Tupite tena pale kwenye tuta."