Maji Mwisho Saa Mbili

Fundi alivua ndala zake akazipanga chini ya kitanda cha wodi, pua zikielekea mlangoni. Hakuzipanga hivyo kwa bahati mbaya. Mtu anayetaka kutoka nduki hana muda wa kugeuza viatu.

"Nimeziona," alisema wifi yake.

"Umeona nini?"

"Hizo ndala. Zimeukodolea mlango macho kuliko hata wewe mwenyewe."

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa mlinzi wa geti kwenye kiwanda cha sabuni, na kazi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye damu. Kiti chake alikiweka katikati kabisa ya mlango, mkoba mapajani, miguu imetanuliwa. Hapiti mtu. Na alikuwa na sababu, maana miezi mitatu nyuma Fundi aliletwa hapahapa kwa upasuaji huuhuu wa kupunguza tumbo la chakula. Nesi alipokwenda kuchukua trei ya sindano, Fundi akatorokea mlango wa chumba cha kufulia, akafika nyumbani na gauni la hospitali ndani ya koti. Alilirudisha wiki iliyofuata, limefuliwa, limepigwa pasi, na pindo kalishona upya, kwa sababu lilivyokuwa limeshonwa lilikuwa aibu tupu.

Mtaa mzima ulicheka. Daktari hakucheka. Alimwambia kinagaubaga kwamba tarehe ya pili ndiyo ya mwisho: akikimbia tena, au sindano ikishindikana, jina linatoka kwenye orodha, nafasi anapewa mwingine. Na Fundi alijua maana yake. Siku hizi pumzi ilikuwa inamkatika usingizini. Mumewe alikuwa halali tena, anakaa kitandani anamsikiliza, na pumzi ikikawia anamtikisa. Mwanamume wa watu alikuwa amekonda kwa unene wa mkewe.

Kukatwa hakukumtisha Fundi. Wakate, washone, hiyo kazi anaielewa. Kilichomtoa jasho ni sindano ya dripu. Cheka ukitaka: mshona nguo, mtu aliyeshika sindano tangu yuko kigori, anaogopa sindano! Lakini wewe hukuwepo siku aliyomzaa kitinda mimba wake. Walimchoma mara tisa, mkono huu, mkono ule, ya kumi mguuni, na nesi mmoja akamwambia mwenzake pale pale juu ya kichwa chake, "Huyu ni kama kutafuta uzi ndani ya godoro." Wakacheka kana kwamba aliyelala pale hana masikio. Kitinda mimba sasa yuko darasa la tano, na neno lile bado linamchoma.

Kwa hiyo alikuwa amekula kiapo kimoyomoyo. Safari hii mara mbili tu. Wakishindwa ya kwanza, wakashindwa ya pili, anavaa ndala zake. Hakumwambia mtu.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, upasuaji saa tano, na Fundi hakutulia hata dakika. Alikwenda dirishani, akarudi. Alikaa, akainuka. Aligundua utepe wa gauni lake umelegea begani, akatoa sindano na uzi kwenye pochi, akaanza kuushona papo hapo, huku macho yakiwa mlangoni. Ulimi ulikuwa umemkauka, midomo inashikana.

"Wifi, nipe tone moja tu."

"Tone la nini?"

"Maji, mwenzangu. Nakufa."

"Hufi. Amri ni amri." Wifi aliisukuma chupa ya maji chini zaidi kwenye mkoba, akafunga zipu.

Nesi alimkuta amekata uzi kwa meno. Alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, trei mkononi. Alisimama kidogo kumtazama, kisha akamsalimia vizuri, akavuta kigoda.

"Tunafungua njia ya dripu, mama."

"Mishipa yangu haionekani. Nakuambia mapema, usije ukanisema baadaye."

"Mimi simsemi mtu. Lete mkono."

Alivaa miwani, akawasha taa ya kitanda, akamfunga mpira juu ya kiwiko, akapigapiga, akabonyeza, akachoma. Fundi alitazama dari. Alisikia sindano ikienda huku na huku ndani ya mkono, ikatafuta, ikakosa.

"Imekataa," nesi alisema. "Pole sana, mama."

Moja hiyo! Moyo ulimdunda Fundi, na nisikufiche, ndani ya kule kudunda mlikuwa na nafuu fulani. Alizitupia jicho ndala zake.

Lakini nesi hakushika sindano nyingine. Aliifinya ngozi ya kiganja kwa nyuma, akaiachia, ikabaki imesimama. Akamtazama midomo.

"Mara ya mwisho kunywa maji ilikuwa saa ngapi?"

"Jana saa mbili usiku. Si ndivyo mlivyosema?"

"Nani kasema hivyo?"

Wifi aliinuka na karatasi yake, kifua mbele. Alikuwa ameandika kwa mwandiko ule ule wa daftari la getini: *Chakula mwisho saa sita usiku. Maji mwisho saa mbili.* "Nilipigiwa simu mimi mwenyewe, kazini," alisema. "Na saa mbili ilipogonga, nilimnyang'anya glasi mkononi."

"Aliyepiga simu ni mimi," nesi alisema polepole. "Nilisema maji mwisho saa mbili kabla ya upasuaji. Saa mbili *kabla*, dada yangu! Yaani leo, saa tatu hii inayokuja."

Wifi alitazama karatasi, akamtazama nesi, akaitazama tena karatasi. "Kulikuwa na lori," alisema. "Lilikuwa linapiga honi, linataka kutoka."

"Basi hiyo 'kabla' imetoka na lori," Fundi alisema.

Nesi alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaenda kumuuliza daktari wa dawa ya usingizi. Alirudi na ruhusa: maji matupu, mpaka saa tatu kamili, na upasuaji uko palepale. Alimzungushia mkono taulo la moto, akamwambia auning'inize kando ya kitanda. "Kiu ya tangu jana ndiyo imeficha mishipa," alisema. "Unene umesingiziwa bure. Nitakuja kujaribu tena."

Wifi alimshikia glasi kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umemshuka. "Nisamehe, wifi. Nimekuanika kama nguo kambani."

Fundi alikunywa glasi ya kwanza bila kupumua, na ya pili. Alipaswa kufurahi. Badala yake hofu ilimpanda upya, kubwa kuliko ya asubuhi, akaanza kutikisa mguu hadi kitanda kikalia. Mshipa ukikataa, angerudi nyumbani uso mkavu: walishindwa wao. Ukikubali je? Hapo ndipo alipokiona kiapo chake kilivyo. Kilikuwa mlango mwingine wa kufulia.

"Wifi," alisema, "nilikuwa naomba washindwe."

Wifi hakumkaripia. Aliketi kando yake kitandani, mlango ukabaki wazi bila mlinzi. "Naogopa pia," alisema. "Lakini kaka yangu hajalala tangu mwezi ule ulipokimbia, na mimi sijui nitamwambia nini."

Nesi alirudi, akafungua taulo. Safari hii hakuwasha taa wala hakuvaa miwani. "Nilikuona ukishona utepe," alisema. "Hukuutazama kabisa."

"Uzi ulio chini ya bitana hauonekani kwa macho," Fundi alijibu. "Unausikia kwa kidole."

"Haya, fundi. Nisikilizie huo."

Fundi alisita. Miaka yote hii amepapasa mikono ya watu kwa kuwapima nguo, wa kwake hajawahi. Aliweka kidole chini ya kiwiko, akateremka taratibu, akapanda, akateremka tena. Kitu laini kikamrudishia kidole.

"Hapa."

Nesi akaweka kidole chake palepale, akatikisa kichwa kukubali. Alichoma. Damu nyekundu ikajitokeza kwenye kimrija, bila kutafutwa.

"Imeingia," alisema, akabandika plasta.

Fundi aliitazama plasta ile ndogo, machozi yakamtoka. Hakukuwa na godoro hapo. Palikuwa na mkono wa mtu, na mtu mwenyewe anaogopa sana. Aliinama kwa taabu, akazitoa ndala chini ya kitanda kwa mkono uliobaki, akampa wifi yake.

"Nizigeuze?" wifi aliuliza.

"Nenda nazo nyumbani, umpe kaka yako. Mwambie leo alale."